Ukiona Pazia Jichoni, Usingoje Kesho

Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari wa Omurushaka na vijiji vya jirani



Leo nataka tuzungumze juu ya macho, hasa macho ya wale wasioona mbali. Wewe unayekaa dawati la mbele kabisa kwa sababu ukikaa nyuma ubao huuoni, habari hii ni yako. Wewe unayeitwa "Profesa" au "Macho Manne" kwa ajili ya miwani minene, ni yako pia. Na wewe mwenye macho mazima usiondoke. Huenda siku moja rafiki yako wa bwenini akakuambia jambo la ajabu juu ya jicho lake, na wewe ndiye utakayemwambia: "Twende kwa mwalimu sasa hivi."

Jambo lenyewe linaitwa kubanduka kwa retina. Halimpati kila mtu. Lakini linapompata mtu na akachelewa, jicho lake linaweza kupofuka moja kwa moja. Kibaya zaidi ni kwamba haliumi. Jino likiuma hulali, utaamsha hata jirani. Retina ikibanduka hakuna maumivu, jicho halivimbi wala halibadiliki rangi. Ndiyo maana watu wanasema, "Aa, nitaangalia wiki ijayo." Wiki ijayo mara nyingi huwa wamechelewa.

JICHO REFU

Kwanza tuelewane: kwa nini mtu haoni mbali?

Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24, kutoka mbele hadi nyuma. Mwanga huingia kwa mbele, ukapita kwenye lenzi, ukakutana mahali pamoja juu ya retina. Retina ni utando mwembamba sana uliotandikwa ukutani, nyuma na ndani ya jicho. Huo ndio unaopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo. Bila retina, jicho ni kama redio isiyo na betri.

Kwa asiyeona mbali, mara nyingi jicho limekuwa refu kupita kiasi. Mwanga unakutana kabla ya kuifikia retina, na kitu cha mbali kinaonekana kama kiko kwenye ukungu wa asubuhi wa vilima vya Karagwe. Milimita moja tu ya ziada ni kama namba 2 na nusu hadi 3 ya miwani. Kwa hiyo mwenye miwani ya hasi 6 huenda jicho lake limezidi kwa milimita mbili hivi. Unaweza kucheka, "Milimita mbili tu?" Lakini ndani ya jicho hizo ni nyingi.

Msidhani haya ni mambo ya Wazungu au ya watu wa mjini Dar es Salaam. Mwaka 2002 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa hapa hapa Kanda ya Ziwa, katika shule za sekondari za Mwanza mjini. Wanafunzi 2,511 walipimwa macho. Karibu 6 katika kila 100 walikuwa hawaoni mbali vizuri. Katika darasa la wanafunzi 50, hao ni wawili au watatu. Na kati ya wote waliokutwa wanahitaji miwani, ni watatu tu katika kila kumi waliokuwa nayo. Waliobaki walikuwa wakinakili kwenye madaftari ya wenzao.

Wengi wa hao walihitaji miwani ya kawaida tu. Wenye namba kubwa, yaani hasi 6 na kuendelea, ni wachache. Hao wachache ndio ninaowatafuta leo.

MIWANI HAIFUPISHI JICHO

Hapa naomba msikilize vizuri. Miwani inakusaidia kuona, na uivae bila aibu. Lakini miwani haifupishi jicho. Ukiivaa unaona ubao safi kabisa, na jicho lako bado ni refu vile vile. Hata wale wanaofanyiwa matibabu ya mionzi ya leza mbele ya jicho ili waache miwani, jicho lao kwa nyuma linabaki refu. Hatari iko pale pale.

Hatari gani? Fikiria kapeti la plastiki lililobandikwa sakafuni. Ukilivuta ili lienee chumba kikubwa zaidi, linakuwa jembamba, na pembeni linaweza kutoboka. Retina ya jicho refu ni hivyo hivyo: imevutwa, imekuwa nyembamba, hasa pembezoni.

Sasa, ndani ya jicho kumejaa ute mzito kama jeli, ambao sehemu yake kubwa ni maji. Kadiri miaka inavyokwenda, ute huu huyeyuka na kujitenga na retina. Kwa watu wengi hujitenga wakiwa wazee. Kwa mwenye jicho refu huweza kujitenga mapema. Ukiwa umeshikilia mahali fulani, unaivuta retina na kuichana. Maji yanapita kwenye tundu lile na kuingia chini ya retina, kama maji ya kudekia yanavyopenya chini ya kapeti lililochanika. Kapeti linainuka. Retina nayo inabanduka. Sehemu iliyobanduka inakosa chakula na hewa yake kutoka ukutani, inaacha kuona, na baada ya muda inakufa.

Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1993 ulionyesha kwamba mwenye miwani inayozidi hasi 3 ana hatari kama mara kumi kuliko asiye na tatizo la kutoona mbali. Tusitishane. Mara kumi ya kitu kidogo bado ni kidogo, na wengi wenye miwani minene watazeeka bila kupatwa na jambo hili. Lakini mtu akijua mto una mamba, hata kama ni mmoja, anachota maji kwa uangalifu.

ISHARA TATU

Shikeni ishara hizi tatu kama mnavyoshika kanuni za hesabu.

Ya kwanza ni mimweko. Unaona mwanga unamweka pembeni mwa jicho kama radi ya mbali au flashi ya kamera, hata gizani, hata ukifumba macho. Ute unaivuta retina, nayo inatoa mwanga wa uongo.

Ya pili ni madoa yanayoelea. Kidoa kimoja au viwili ulivyovizoea tangu zamani si neno. Lakini vikija vipya, vingi, kwa ghafla, kama mtu amekumwagia masizi au kundi la mbu limepita mbele yako, hiyo ni hatari. Huenda retina imechanika na damu imevuja.

Ya tatu ni pazia. Kivuli kinaanzia upande mmoja, juu, chini au pembeni, kisha kinasogea kuelekea katikati. Hapo retina imeshaanza kubanduka. Ikiwa katikati bado unaona vizuri, usijipe moyo kwamba si kitu. Hiyo ndiyo bahati yako, na bahati hiyo ina masaa, haina wiki.

Kwa nini nasema masaa? Katikati ya retina pana sehemu ndogo inayosoma herufi na kutambua nyuso za watu. Retina ikirudishwa mahali pake kabla sehemu hiyo haijabanduka, mtu anaweza kubaki na uwezo mzuri wa kusoma. Ikishabanduka, upasuaji unaweza kuirudisha, lakini mara nyingi uoni haurudi kama ulivyokuwa.

KWA VIJANA HUJA KIMYA

Hili wengi hawalijui. Kwa vijana wenye jicho refu, mara nyingine hakuna mimweko wala madoa. Retina inatoboka vitundu vidogo vya mviringo pembezoni, na inabanduka polepole, kwa wiki au miezi. Na kwa kuwa tuna macho mawili, jicho zima linalifichia lile bovu. Kijana anacheza mpira, anasoma, anacheka, hajui kitu. Siku moja vumbi linamwingia jicho zima, analifunika kwa kiganja, ndipo anashtuka: "Mbona sioni?"

Kwa hiyo nawapa zoezi lisilo na gharama. Mara moja kwa wiki, tuseme kila Jumapili asubuhi, simama mbele ya ukuta ukiwa na miwani yako. Funika jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibana. Kazia macho alama moja ukutani. Bila kuhamisha jicho, jiulize: je, naona juu, chini, kulia na kushoto? Kuna upande wenye kivuli? Mistari iliyonyooka imepinda? Kisha badilisha jicho. Dakika moja tu. Zoezi hili halichukui nafasi ya daktari, lakini litakuamsha mapema.

USIPOZIBA UFA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sijui methali inayoifaa retina kuliko hiyo.

Zamani, aliyebandukwa na retina alikuwa karibu na hakika ya kupofuka. Walimlaza kitandani muda mrefu, basi. Aliyegeuza mambo ni Jules Gonin, daktari wa macho wa Lausanne, Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1870 na kufariki mwaka 1935. Yeye alishikilia kwamba chanzo ni lile tundu, na kwamba tundu lisipozibwa, kazi yote ni bure. Wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Alianza kuyaziba, macho yakaanza kupona, na mwishowe wote wakafuata njia yake.

Leo ufa ukigunduliwa kabla maji hayajapita, daktari huweza kuuzungushia alama za leza au kuugandisha kwa baridi kali, ukashikamana na ukuta. Mara nyingi mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini retina ikishabanduka, hapo ni kujenga ukuta: upasuaji mkubwa wa kuubana ukuta wa jicho kwa nje, au kuutoa ule ute na kuweka gesi au mafuta maalumu ndani. Upasuaji huu haufanyiki kila hospitali. Madaktari wake ni wachache, na wako katika hospitali kubwa kama KCMC kule Moshi, na Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam.

Sasa hesabu mwenyewe umbali kutoka stendi ya Omurushaka hadi Moshi. Anayeishi karibu na hospitali hizo akipoteza siku moja, amepoteza siku moja. Wewe ukipoteza siku moja hapa, unaongeza na za safari, na za kutafuta nauli, na za kusubiri rufaa. Mwaka 2002 madaktari waliofanya kazi Kikuyu, nchini Kenya, walichapisha taarifa juu ya kubanduka kwa retina katika Afrika Mashariki. Shida kubwa waliyoieleza ni hiyo hiyo: wagonjwa walifika wakiwa wamechelewa.

MPANGO WA MWANAFUNZI WA OMURUSHAKA

Basi tufanye nini? Siwezi kukudanganya kwamba kuna kidonge au chakula kinachozuia retina isibanduke. Karoti, papai na mchicha ni vyakula vizuri, vile, lakini havifupishi jicho. Yako mambo manne yanayosaidia kweli.

Moja: ijue namba yako. Ukipimwa miwani, omba uandikiwe namba ya kila jicho, uiweke na cheti chako. Kama ni hasi 6 na zaidi, au kama mzazi au ndugu yako aliwahi kubandukwa na retina, wewe ni wa kuangaliwa kwa karibu.

Mbili: omba kuangaliwa nyuma ya jicho. Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Mtaalamu wa macho hukutia dawa ya matone inayotanua mboni, kisha huangalia retina mpaka pembezoni kwa taa na lenzi. Utaona ukungu kwa masaa kadhaa, kwa hiyo nenda na mwenzako na usiendeshe baiskeli wala pikipiki. Fanya hivyo ukiwa mzima, bila kungoja ishara, kisha mwulize urudi baada ya muda gani. Si kila sehemu nyembamba inahitaji leza, na yeye ndiye atakayeamua.

Tatu: linda macho yasipigwe. Kipigo cha jicho huweza kuichana retina hata ya mtu asiyevaa miwani, sembuse ya jicho refu. Manati, kurushiana mawe, vijiti vya kuchomana kwa utani, ngumi: acheni. Wenye namba kubwa wasicheze ndondi. Mpira wa miguu unachezeka, lakini ukipigwa mpira usoni, nenda ukapimwe hata kama unaona vizuri. Na wakubwa wanaonisikia nao nawaambia: kofi la usoni si malezi.

Nne: andaa safari kabla ya siku ya safari. Leo jioni mwambie baba, mama au mlezi: "Macho yangu ni ya aina hii, na nikiona pazia inabidi niondoke siku hiyo hiyo." Waulize kadi ya bima iko wapi, kama ipo. Jua wapi pa kuanzia. Walio upande wa Karagwe wako karibu na Hospitali ya Nyakahanga, wa Kyerwa wana Isingiro, na mbele yake kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba na Bugando kule Mwanza. Mwombe mtaalamu wa kwanza atakayekupima apige simu mbele aulize daktari wa retina yuko wapi, ili usizungushwe hospitali tatu bure.

Na siku yenyewe ikifika, sema waziwazi. Usiseme "macho yananisumbua", maana utapewa dawa ya tyubu na kurudishwa darasani. Sema hivi: "Tangu leo asubuhi jicho langu la kulia limefunikwa na kivuli. Navaa miwani ya hasi 8. Naomba niangaliwe retina kwa dawa ya kutanua mboni." Mwandikie hivyo mwalimu wa zamu, matroni au patroni. Andika saa ilipoanza, jicho gani, na kama ulipigwa. Usilisugue jicho, usikimbiekimbie, usitie maji ya majani wala dawa yoyote ya kienyeji. Tatizo liko ndani nyuma, tone lolote la kienyeji halilifikii. Litakuumiza kwa mbele na kukupotezea siku.

MASWALI NINAYOULIZWA SANA

"Nikivaa miwani, si macho yataharibika zaidi?" Hapana. Hofu hii imewanyima wengi elimu. Katika jaribio lililofanywa katika sekondari za Dar es Salaam, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008, hata waliopewa miwani bure, karibu nusu tu ndio waliokuwa wakiitumia baada ya miezi mitatu. Aibu na maneno ya watu vina nguvu. Ninyi mnaowaita wenzenu "Macho Manne", jueni mnachokifanya.

"Tufanyeje wadogo zetu wasiwe kama sisi?" Urithi huwezi kuubadilisha, lakini watoto wanaocheza nje mchana hupata shida hii kidogo zaidi. Huko Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za nje kila siku ya shule kwa miaka mitatu. Walioanza kutoona mbali walikuwa wachache kuliko wenzao, kama 30 kwa 100 dhidi ya karibu 40. Kwa hiyo mtoto akitaka kwenda kucheza mchana, mwachie.

"Nikifanyiwa upasuaji narudi nyumbani lini?" Kama umewekewa gesi jichoni, muulize daktari kabla ya kupanda chombo chochote. Gesi hupanuka unapopanda juu. Ndege ni marufuku mpaka iishe. Na kumbuka sisi tunaishi vilimani. Kutoka usawa wa bahari kule Dar es Salaam hadi Karagwe ni kupanda sana, hata kwa basi. Mwambie daktari kwamba kwenu ni milimani, naye atakuambia usubiri hadi lini.

"Je, kama ni wiki ya mtihani?" Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anaona pazia siku ya Jumatatu, anasema moyoni, "Nimalize kwanza, Ijumaa ya wiki ya pili nitasema." Mdogo wangu, usifanye hivyo. Mtihani unaweza kuufanya tena mwaka unaofuata, kwa machungu, lakini unafanyika. Retina iliyokufa hairudi mwakani. Mwambie msimamizi siku ile ile.

Basi, nimewapa mengi. Mkisahau yote, mimweko mipya, madoa mengi ya ghafla na pazia msivisahau. Ukiona kimojawapo, ni siku hiyo hiyo, hata kama hakuna kinachouma. Na Jumapili hii, kabla ya chai, funika jicho moja uangalie ukuta. Kisha mfundishe mwenzako wa kitanda cha jirani.